Sijarudi Kokote

Kuna neno ningependa lifutwe kinywani mwa kila anayenisalimia: umerudi. "He, madam, umerudi!" Sikusafiri. Sikulazwa. Sikuhama shule. Nimeongezeka kilo kadhaa, basi nimerudi. Nimerudi wapi? Kwenye unene, ndivyo wanavyomaanisha, kana kwamba unene ndio kijiji changu cha asili na wembamba ulikuwa mji niliokwenda kutafuta maisha, kodi ya chumba ikanishinda, nikapanda basi la usiku kurudi kwa wazazi.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miaka 8 iliyopita. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na kilo 118, kisukari, na presha iliyokuwa ikidai vidonge vya aina 3 kila siku. Miezi 18 baadaye nilikuwa na kilo 81. Leo nina 92. Nafundisha hesabu, kwa hiyo nivumilie: nilipunguza 37, zimerudi 11, na 26 hazijaonekana tena tangu wakati ule. Sukari yangu haitumii dawa. Kidonge cha presha kimebaki kimoja. Kwa mizani ya daktari yeyote anayeijua kazi hii, mimi ni mgonjwa aliyefanikiwa. Kwa mizani ya mtaa, mimi ni mtu aliyepewa bahati akaichezea.

Hukumu hiyo ya mtaa ndiyo ninayoipinga hapa, na siipingi kwa ajili yangu peke yangu. Wapo watu wengi walio katika mwaka wa 5, wa 8, wa 12 baada ya kisu, na hawaongei. Mwaka wa kwanza una wenyewe: una daktari, una mpiga picha, una mashoga wanaokusindikiza kununua nguo mpya. Mwaka wa 8 hauna mwenyewe. Ukipita katika mwaka wa 8 na kilo zako 11 za nyongeza, unajifunza kukaa nyuma kwenye picha za pamoja.

Nianze na mtaa, kwa sababu mtaa hauna leseni ya kunyang'anywa.

Kiswahili chetu hakijawahi kuuacha mwili wa mtu upite kimya. Mnene "ana mwili", utadhani wembamba wanatembea na vivuli tu. Mnene pia "ana afya". Neno lile lile tunaloandika kwenye kibao cha zahanati tunalitumia kupima mapaja ya mtu. Bibi harusi akinenepa miezi sita baada ya ndoa, ndoa imemkubali. Mume akiota kitambi, anatunzwa. Na anayepungua? Hapo sauti hushushwa. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunajua kupungua ghafla kulikuwa na maana gani, maana ambayo haikutajwa mbele ya watoto. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza, nusu ya ofisi ya walimu ilinipongeza na nusu ilihesabu siku zangu. Jirani mmoja, mama mwenye moyo mzuri sana, alimvuta mama yangu pembeni kumwuliza kama nimeshaanza dozi. Mama alimjibu kwamba mwanawe amekatwa utumbo. Habari ile ikatembea kutoka kwa muuza mkaa hadi msikitini kabla ya adhuhuri.

Utumbo wangu, kwa taarifa ya wote, uko kama nilivyozaliwa nao. Najua hivyo ndivyo mtaa unavyosema, "kukata utumbo", na hata magazeti yamefuata. Kilichokatwa kwangu ni tumbo lenyewe, mfuko unaopokea chakula. Kwa aina ya upasuaji niliofanyiwa, robo tatu ya mfuko ule au zaidi huondolewa, kinabaki kitu chembamba kama mkono wa shati. Utumbo huguswa katika aina nyingine, iliyobuniwa na daktari Edward Mason kule Iowa, Marekani, miaka ya 1960, ambayo hukifanya chakula kiruke sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Siling'ang'anii jambo hili kwa sababu ya ualimu tu. Anayesema "kakatwa utumbo" huwa ana picha ya bomba kichwani. Bomba limefupishwa, chakula kinapita kidogo, mtu kapungua, fundi akusanye vifaa vyake aende. Na bomba lililotengenezwa vizuri likivuja tena, basi ni mwenye nyumba kalichokonoa.

Lakini sehemu ya juu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni iitwayo grelini. Watafiti wa Japani ndio walioitambua, mwaka 1999, na kazi yake ni kuupigia ubongo kelele kwamba kuna njaa. Miezi ya kwanza baada ya upasuaji, kelele ile ilizima. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilipita mbele ya banda la chipsi nisisikie chochote. Ilikuwa kama jirani mwenye spika kubwa amehama usiku. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wembamba niliokuwa nikiwaheshimu kwa nidhamu yao hawakuwa na nidhamu ya ajabu. Walikuwa hawana jirani.

Kwa wengi wetu njaa hurudi taratibu, mwaka wa pili au wa tatu, kama jirani yule amerejea na spika ndogo zaidi. Na si njaa peke yake. Mwili uliopungua hautulii. Kwa kipimo chake umeibiwa, na utafanya kila uwezalo kurudishiwa mali yake. Mwaka 2011, watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza jinsi walivyowapunguza uzito watu 50 wanene kwa mlo mkali wa wiki 10, kisha wakapima homoni zao za njaa na shibe. Mwaka mzima baadaye, homoni zile zilikuwa bado zimeelemea upande mmoja: kula, kula, kula. Mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake kule Marekani walitoa ripoti ya washiriki 14 wa lile shindano la televisheni la kupunguza uzito, The Biggest Loser, miaka 6 baada ya kamera kuzimwa. Walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58 kila mmoja. Zilikuwa zimerudi kilo 41. Na miili yao, hata ikiwa imepumzika tu, ilikuwa ikichoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Fikiria hilo. Watu waliotoka jasho na kulia mbele ya nchi nzima, ambao hakuna awezaye kuwaambia walikosa nidhamu, miaka 6 baadaye miili yao ilikuwa bado inabana matumizi kama mama mjane.

Hawa kilo zile hawakuzipunguza kwa kisu. Waliifuata ile njia ngumu, ya heshima, njia ambayo watu hunitajia wanapotaka kunikumbusha kwamba mimi nilipita njia rahisi.

Njia rahisi! Naomba nisimame hapa kidogo. Niliuza kiwanja changu cha Chanika, nikakopa SACCOS, nikaenda nje ya nchi na shilingi milioni 18, nikatobolewa tumbo matundu matano. Wiki mbili nilikunywa supu iliyochujwa kwa kijiko cha mtoto. Nywele zilitoka kwa mafungu mwezi wa nne. Ngozi ya tumbo ilibaki ikining'inia, na bado inaning'inia, na hiyo haionyeshwi kwenye picha yoyote. Baba yangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari akiwa na miaka 54, akafa na miaka 57, na mimi nilipofika 32 sukari yangu ilikuwa imeshapita pale alipokuwa yeye akiwa na 40. Sikwenda kukatwa ili nivae jinzi. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeshaiona foleni na nafasi yangu ndani yake.

Hapo najibu pia kundi la pili, ambalo ni la marafiki zangu na nadhani ni la wengi mnaosoma haya. Wao hawasemi nidhamu. Wao wanasema jipende, ukubali mwili wako, upasuaji ni kuupigia magoti urembo wa kizungu. Nawapenda, na katika karamu nitakaa meza yao kabla ya meza ya wale wa nidhamu. Lakini wanaponiambia sasa kwamba kilo 11 ni mwili wangu wa kweli unaodai uhuru wake, wanasema kitu kile kile anachosema jirani wa mkaa. Nao wananirudisha kijijini. Tofauti ni kwamba wao wanakiita kijiji kizuri. Mwili wangu wa kweli ulikuwa unaelekea kukatwa mguu. Naupenda kiasi cha kutouachia njia.

Sasa niwageukie wenye leseni.

Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 wenye unene uliokithiri; kama nusu walifanyiwa upasuaji, waliobaki walipata matibabu ya kawaida. Hawakupiga picha mwezi wa 12 na kufunga faili. Waliendelea kuwapima, miaka 10, 15, 20. Kwa hiyo tunajua mambo ambayo hakuna anayepaswa kujifanya hayajui. Wale ambao chakula chao kilirukishwa utumbo walipoteza asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Mwaka wa 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Yaani hata kwa upasuaji ulioshinda mwingine wote katika utafiti ule, sehemu ya uzito ilirudi, kwa wastani, kwa watu wa nchi tajiri yenye madaktari wa kutosha. Na wale ambao hawakupasuliwa? Uzito wao ulibaki pale pale, ukipanda na kushuka ndani ya asilimia 2. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Mwaka 2020 hesabu ikasogezwa mbele: waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao wanene ambao hawakupasuliwa, na bado miaka 5 na nusu pungufu kuliko watu wa kawaida wa Uswidi.

Mimi nazipenda takwimu hizi kuliko picha zote za "kabla na baada" nilizowahi kuonyeshwa, kwa sababu hazidanganyi upande wowote. Zinasema: upasuaji ni tiba, tiba nzuri. Zinasema pia: haumalizi ugonjwa. Kilo zangu 118 zimekuwa 92, sawa na asilimia 22 pungufu, baada ya miaka 8. Nikijiweka kwenye mchoro wa Uswidi, sionekani kama aliyeanguka. Nimesimama karibu na watu wengine wengi, kwenye mstari unaopanda taratibu kisha kunyooka.

Mstari huo hakuna aliyenionyesha kabla sijalipa. Nilionyeshwa picha. Mwanamke wa kwanza amevaa dera, amesimama kizani, hacheki. Wa pili ni yeye yule, gauni jekundu, jua la asubuhi, meno yote nje. Kati ya picha hizo mbili ilikuwapo miezi 10. Niliuliza yuko wapi leo? Nikaambiwa anaendelea vizuri. Ndiyo biashara yenyewe. Picha hupigwa pale ambapo kila mtu hushinda, halafu hutumika kumuuzia mwingine mahali ambapo kazi ndiyo inaanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Upasuaji nao ni mgeni wa miaka miwili. Anakufanyia kila kitu, unapungua hata ukilala. Mwaka wa tatu unakabidhiwa jembe, na ukigeuka kuuliza shamba linalimwaje unakuta waliokualika wamebadilisha namba ya simu.

Sitanii. Kundi la wagonjwa nililoingizwa kwenye WhatsApp lilikuwa na muuguzi aliyejibu usiku wa manane katika miezi ya kwanza. Baada ya mwaka kila swali lilijibiwa kwa tangazo la punguzo la bei. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilisema vitamini kwa miezi 3. Miezi mitatu! Tumbo lililopunguzwa hivi halinyonyi vitamini B12 na madini ya chuma kama zamani, na mwongozo wowote wa kitabibu unasema virutubisho ni vya maisha yote na damu ipimwe angalau kila mwaka. Mwaka wangu wa 4 nilianza kushika ukuta nikipanda ngazi za darasa la juu. Vidole vya miguu vikawa na ganzi, nami nikadhani sukari ya baba imenifikia. Hospitali niliyokwenda hapa nyumbani ilinipima malaria, ikanipima taifodi, ikanipa dawa ya taifodi. Ilichukua miezi, na daktari mmoja kijana aliyeona makovu madogo tumboni akauliza haya ni ya nini, kugundua kwamba damu yangu imefika 7.8 na B12 imekauka. Nilichomwa sindano, ganzi ikaondoka isipokuwa kwenye kidole kimoja. Kidole hicho ndicho risiti yangu.

Siku hizi huduma imesogea karibu. Muhimbili, kwenye hospitali yake ya Mloganzila, wanaweka puto tumboni na wanafanya upasuaji, Nairobi upo pia, na mgonjwa hahitaji tena kuuza kiwanja kwenda kulala kwenye kitanda ambacho hawezi kuwaambia wauguzi kwa lugha yake kwamba anaumwa. Ni jambo jema na nalifurahia. Ndiyo maana nasema sasa, kabla mazoea hayajakomaa: puto hukaa miezi kadhaa kisha hutolewa, kisu humaliza kazi yake kwa saa moja au mbili, na swali linabaki lile lile, nani anamshika mgonjwa mkono mwaka wa 6. Anayeuza upasuaji bila kuuza miaka 10 ya kumfuatilia mgonjwa ameuza nusu ya bidhaa kwa bei ya nzima. Bima inayolipia dawa za presha na sukari za mtu hadi afe, lakini ikakataa kumlipia kipimo cha damu na sindano ya B12 kwa sababu "ni mambo ya urembo", haijui hata kutetea fedha zake yenyewe. Yangu ilinijibu hivyo hivyo, kwa barua yenye muhuri. Mimi natumia kama shilingi 60,000 kwa mwezi kwa vidonge vinavyonizuia nisiwe mgonjwa wao wa gharama kubwa, na sijapata hata shukrani.

Na hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kula.

Watu hudhani tumbo dogo linakataa chakula kibaya. Kinyume chake. Tumbo langu linakataa chakula kizuri. Tonge la ugali mgumu likienda haraka linakwama kifuani kama kizibo, machozi yanatoka. Kipande cha nyama ya kuchoma nitafune mpaka taya ziume. Lakini juisi ya embe yenye sukari? Inateleza. Aiskrimu inateleza. Biskuti zinayeyuka, ubuyu unapita, kashata inapita, soda inapita ikiimba. Mkono wa shati haujui lishe, unajua tu kizito na kilaini. Ndiyo sababu mtu anaweza kupata nafuu ya kula kidogo na bado akaongezeka, na ndiyo sababu kumwambia "si unakula kidogo tu, sasa unanenepaje?" ni swali la mtu ambaye hajawahi kulazimika kulifikiria tonge lake.

Siku yangu ya kazi: saa 12 asubuhi mayai mawili, polepole. Maji, lakini si pamoja na chakula. Nusu saa ipite kwanza. Saa 4 ofisini kunakuja chai ya maziwa, maandazi na chapati, na hapo pana mtihani ambao haumo katika mtaala wowote. Kukataa andazi kwa Mtanzania si jambo la lishe, ni jambo la diplomasia. Nimebeba karanga na kipande cha samaki kwenye kikontena, na kila siku, miaka 8 sasa, kuna mtu anauliza "bado tu unadayeti?" Lengo ni gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, ambazo kwa mshahara wa mwalimu maana yake ni dagaa, mayai, maharage, na maziwa ya mgando mwisho wa mwezi. Saa 10 natembea kutoka shule hadi kituo cha pili cha daladala, nikikiruka cha kwanza. Jumamosi napanda mizani. Hakuna ushujaa ndani yake. Ni kama kupiga mswaki, isipokuwa hakuna anayesimama mlangoni mwa bafu kukuambia kwamba ukipiga mswaki umekula njia rahisi.

Halafu kuna misiba na harusi. Msibani sinia ni moja na mikono ni minane. Ukinyoosha mkono mara tatu ukaacha, yule mama aliyepika tangu alfajiri anakuangalia. "Mwanangu, chakula changu kina nini?" Hakina kitu, mama. Nimejifunza kumega tonge dogo na kulichelewesha, nimejifunza kuwapakulia wengine ili mikono yangu ionekane ina kazi, nimejifunza kwamba ukibeba mtoto wa mtu hakuna anayekuhesabia matonge. Ujanja huu sikuufundishwa na mtaalamu wa lishe yeyote. Walionionyesha chakula cha mgonjwa walinipa karatasi yenye brokoli na jibini la nyumba ya shambani, kitu ambacho mpaka leo sijakutana nacho sokoni Buguruni. Kama mnataka watu wadumu na uzito mdogo, andikeni mwongozo wenye sinia la msiba ndani yake. Andikeni kuhusu Ramadhani, mfungo unavyomkuta mtu asiyeweza kunywa maji mengi kwa mkupuo. Andikeni kuhusu pombe pia, kwa wanaokunywa, kwamba baada ya upasuaji hupanda haraka kuliko zamani, na kwamba wapo waliohamisha faraja yao kutoka kwenye sahani kwenda kwenye glasi bila mtu kuwaonya.

Siku hizi nikisema haya naambiwa niwe na subira, dunia imebadilika, sindano imekuja. "Ungejua ungesubiri Ozempic." Sina ugomvi na sindano, kuna wagonjwa inaowafaa, na wapo waliopasuliwa wanaoitumia mwaka wa 8 kama huu wangu, nami huenda nikawa mmoja wao. Lakini tusidanganyane kwa mara ya pili. Dawa iliyomo, semaglutaidi, Marekani iliiidhinisha kwa ajili ya uzito mwaka 2021, na watafiti waliowafuatilia washiriki mwaka mmoja baada ya kuiacha walikuta theluthi mbili ya uzito uliopungua imerudi. Bila shaka imerudi. Mgonjwa wa presha akiacha vidonge presha hupanda, na sijawahi kusikia mtu akimpokea kwa kicheko, "He, presha yako imerudi nyumbani!" Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu. Neno sugu tunalielewa vizuri sana tunapokuwa kwenye kliniki ya sukari. Tukifika kwenye unene, tunalibadilisha kuwa tabia.

Najua nitaulizwa: kwa hiyo mgonjwa hana wajibu? Anao, nimetoka kuueleza, unaanza saa 12 asubuhi. Ninachokataa ni wajibu kuwa wake peke yake, na matokeo yake kusomwa kama ripoti ya tabia. Mtu aliyepunguza 37 na kushika 26 kwa miaka 8 amefanya kitu ambacho mwili wake ulikipinga kila siku kwa kila silaha uliyokuwa nayo. Usimwambie amerudi. Kama huna la kusema mwulize habari za kazi.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu kijana alinifuata baada ya kipindi cha mwisho. Ana miaka 29, kilo kama zangu za zamani, na kipimo cha sukari alichokikunja mara nne kwenye pochi. Amepata kliniki, amelipa kianzio, anataka kujua kama afanye. "Madam, wewe niambie ukweli tu." Nikamwambia afanye, kama daktari wake naye anasema sukari hiyo haisubiri. Nikamwambia pia awapigie simu leo, kabla hajalipa kilichobaki, awaombe wamkutanishe na mtu mmoja waliyempasua zaidi ya miaka 5 iliyopita. Asitake picha. Amtake mtu, wanywe naye chai.

Akapiga pale pale, simu akaiweka sauti ya nje, tukiwa tumesimama karibu na ubao nisiokuwa nimeufuta. Dada wa mapokezi alikuwa mpole sana. Alisema ombi hilo hawajawahi kulipata, wenzake wataliangalia, watampigia. Zimepita wiki tatu. Wamempigia mara mbili, zote mbili kuulizia malipo yaliyobaki.